Mtoto wa kitengo na rede ya chupa: uchambuzi wa kisa kimoja cha usonji

Mhusika wa kisa hiki ni mvulana wa miaka tisa mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuchangamana na watu, anayesoma kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi mjini Tanga. Shule siitaji, na mambo ya nyumbani kwake nimeyabadilisha kidogo asije akatambulika. Aliyeniita ni mwalimu wa kitengo, tuliyesoma naye Chuo cha Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kilichoko Arusha, na swali lake ni la kila mwalimu wa elimu jumuishi: darasani mtoto anatulia, uji anakunywa na wenzake, lakini mapumziko yakifika hachezi na mtu. Tumfanyeje?

Anaongea, ila sehemu kubwa ya maneno yake ni ya kurudia. Ukimuuliza "unataka maji?" atakujibu "unataka maji", na hapo amekubali. Anahesabu hadi mamia bila kukosea, na akishaanza hapendi kukatishwa. Kelele za ghafla zinamtesa. Kengele ya shule ile ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, inagongwa kwa nondo, na kila ikigongwa anaziba masikio na kukimbilia ukutani. Hana ugomvi na mtu mpaka ashikwe kutoka nyuma.

Anachokipenda kuliko vyote ni mchanga. Muda wa mapumziko anakaa nyuma ya darasa la nne, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, ana chupa tupu ya maji ya plastiki. Anachota mchanga kwa vidole vitatu, anauachia kwenye mdomo wa chupa kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha ubavuni ili ausikie unavyoshuka. Chupa ikijaa anaimwaga, anaanza upya.

Uwanja wenyewe si wa kumkaribisha mtoto kama huyu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 shule nyingi za serikali zimefurika, na hii ni mojawapo. Wavulana wakubwa wamelichukua eneo la katikati kwa soka, wasichana wa darasa la tatu wamebaki pembeni na rede, mchezo wa kukwepa mpira, wadogo wanakimbizana popote palipobaki. Vumbi na makelele ni ya wote.

Kabla sijafika shule ilikwishajaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa msaidizi, dada anayelipwa na wazazi. Kila mapumziko alimshika mtoto mkono, akampeleka kwenye duara la ukuti, akasimama nyuma yake na kumwinulia mikono kila wimbo ulipodai. Nilikaa pembeni nikatazama. Watoto walizungumza na dada. Aliyetaka kumpa kitu alimpa dada, aliyetaka kujua kama atacheza alimuuliza dada: "Dada, anacheza?" Yeye mwenyewe alikuwa anatazama mti. Dada alikuwa anafanya kazi yake kwa moyo, na wala sioni kama kuna mtu angeifanya vizuri zaidi akiwa amesimama pale pale aliposimama. Michael Giangreco na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliliandika jambo hili mwaka 1997 baada ya kutazama madarasa yenye wasaidizi: mtu mzima akimganda mtoto, wenzake wanasogea mbali, na mtoto anajifunza kumtegemea yule mtu mzima kwa kila kitu.

Njia ya pili ilikuwa huruma. Darasa la tatu waliambiwa mstarini kwamba mwenzao ni mgonjwa, wampende, wasimkasirishe. Watoto wakatii. Wakamwingiza kwenye rede, wakawa wanarusha mpira mbali naye, na ukimgusa kwa bahati mbaya hakuna anayesema. Akawa kama vile vidogo vya miaka minne vinavyofuatana na dada zao: vipo uwanjani, vinakimbia, havihesabiki. Kwa mgeni anayetazama kutoka ofisini ilipendeza sana. Ndizo picha zinazopigwa tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani. Mtoto mwenyewe alikuwa anakaa dakika chache kisha anarudi kwenye mchanga wake, na hilo ndilo lililoitwa "kukataa".

Mimi sikuona kukataa. Mchezo ambao hutolewi hauna sababu ya kukuweka ndani. Huyu ni mtoto anayeishi kwa mpangilio; ukimpa sheria inayomkamata kila mtu isipokuwa yeye, haelewi kwamba amependelewa, anachokiona ni vurugu tu. Na hawa wenzake nao, kwa akili zao za kitoto, walikuwa wanatii amri ya kutomkasirisha. Huwezi kucheza na mtu uliyeamriwa usimkasirishe.

Kulikuwa na kosa jingine la kumsoma vibaya. Faili lake liliandikwa kwamba "hapendi watu". Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould, waliofanya utafiti Camberwell, London, waliwagawa watoto wa aina hii katika makundi matatu kwa namna wanavyokabili watu: wapo wanaojitenga kabisa, wapo wanaokubali wakifuatwa lakini hawaanzi wao, na wapo wanaowafuata watu kwa namna inayowashangaza watu. Mgawanyo huo ni wa zamani na una upungufu wake, ila kwa mwalimu aliye uwanjani bado unasaidia, maana kila kundi linataka kuanziwa kwingine. Shule ilimweka mtoto huyu kundi la kwanza. Mimi nilimwona mtoto wa darasa la kwanza akija kukaa karibu yake nyuma ya lile darasa, akachezea mchanga kimya kimya, na mvulana hakuondoka. Alisogeza chupa yake nusu hatua kumpisha. Anayejitenga kabisa hafanyi vile.

Sasa rede. Kwa asiyeijua, wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi, walio katikati wanaukwepa, ukikugusa umetoka. Kenya wana kati, ambayo ni ndugu yake. Kwenye rede ya chupa aliye katikati ana kazi ya ziada: kuna chupa chini, anatakiwa aijaze mchanga huku akikwepa mpira. Ikijaa kabla hajapigwa, upande wake umeshinda. Kila mtaa una vipengele vyake, na wasichana wa shule hii wana vya kwao.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: kundi la watoto linajaza mchanga kwenye chupa pembeni ya uwanja, na hatua chache kutoka hapo, nyuma ya ukuta, mtoto mmoja anajaza mchanga kwenye chupa peke yake. Wao wanahesabiwa kuwa wanacheza, yeye anahesabiwa kuwa na tabia inayotakiwa kukomeshwa. Na kwa muda wote huo juhudi ya watu wazima ilikuwa kumtoa kwenye chupa ili ajiunge na wenzake.

Aliyeliunganisha jambo hili ni msichana wa darasa la tatu, kiongozi wa rede, na hakufanya kwa wema. Chupa yao ilipasuka akaja kuchukua ya huyu. Mvulana akaishikilia. Msichana, akiwa na haraka ya mchezo wake, akaona njia fupi ni kumsaidia aijaze imalizike ampe. Akachuchumaa, wakajaza pamoja. Ilipojaa mvulana akaimwaga. Msichana akapiga ukelele wa hasira, kisha akacheka, akasema, "We, ungekuwa timu yangu tungeshinda." Mwalimu wa kitengo alikuwa anataka kwenda kuamua. Nikamwomba akae.

Siku zilizofuata tulifanya kazi na watoto zaidi kuliko tulivyofanya na yeye. Tulikaa na kikundi kidogo cha rede, wasichana sita na wavulana wawili, bila yeye kuwepo. Hatukusema mgonjwa. Tuliwaambia sauti kwake zinaingia kwa ukali kuliko kwao, maneno mengi yakija kwa pamoja yanampotea hivyo ni bora waonyeshe kuliko kueleza, na asishikwe kutoka nyuma. Tukawaachia maswali. Swali la kwanza lililoulizwa ndilo lililokuwa kiini cha kisa chote: "Mwalimu, akipigwa tumtoe?"

Mwalimu wa kitengo alisita. Mimi nilisema wamtoe kama wanavyotoana, ila wakubaliane kwanza kutoka kwenyewe kutakuwaje. Hapo watoto walitushinda. Walijua wenyewe kwamba neno lao la kawaida, "umekufa", litamtisha, wakasema aliyeguswa ataonyeshwa gogo lililo chini ya mwarobaini na kuambiwa "gogoni". Tukawauliza atajuaje kwamba atarudi. Wakabishana sana, kisha mmoja akasema walio gogoni wote wahesabu mirusho kwa sauti, ikifika hamsini raundi imekwisha na kila mtu anarudi. Sheria hiyo ilikuwa ya wote, na iliponya jambo ambalo halikuhusiana na usonji hata kidogo: rede yao haikuwa na mwisho. Ilikuwa inaisha kengele ikigongwa au wakigombana.

Mpira ulibadilishwa. Wa zamani ulikuwa na kitu kigumu katikati. Mpya ukawa wa soksi tupu, na kurusha ni chini ya kiuno. Msichana mmoja akasema mchezo umekuwa wa kitoto, akahamia kundi jingine, na hatukumbembeleza. Chupa nayo ilileta taabu, kwa sababu mvulana alikuwa anapita kiwango, anaijaza hadi pomoni, anaimwaga, na timu yake iliyokwisha kushinda inashindwa. Walifunga uzi mwekundu kuonyesha mwisho, akaung'oa. Msichana mmoja akaja na rangi ya kucha ya dada yake, wakachora mstari kuzunguka chupa. Rangi haing'oki. Akauheshimu.

Dada alihamia chini ya mwarobaini na maji ya kunywa na kitambaa cha njano. Kazi yake ikawa moja: akimwona kiranja wa kengele anaelekea kwenye rimu, anainua kitambaa, mtoto anaziba masikio mapema. Kiranja naye aliombwa ainue mkono kabla ya kugonga. Haikugharimu shilingi, na kati ya yote tuliyofanya hilo ndilo ningelipeleka shule nyingine kesho asubuhi hata kama haina mtoto mwenye usonji anayejulikana.

Mkuu wa shule aliniuliza, kwa haki kabisa, kama haya ni mambo ya kuchukua muda wa walimu wakati mitihani inakaribia. Nilimjibu kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 30 ya mkataba ule inataja kucheza kwa jina, na shuleni. Mkuu akasema sawa, ila asiumie mtu.

Siku iliyonionyesha kwamba mambo yamebadilika, mpira ulipita karibu na mguu wake. Upande wa warushaji wakapiga kelele, "Imemgusa!" Wa upande wake wakajibu, "Haijamgusa! Imepita kwenye sketi yangu!" Wakajaa pale katikati, vidole vinanyooshwa, kila mmoja shahidi. Walikuwa wanamgombania kama wanavyomgombania mtu yeyote. Yeye akasimama ameishika chupa, anawatazama midomo, kisha akasema, "Imemgusa. Imemgusa." Akaiweka chupa chini, akatembea hadi gogoni.

Alikuwa anarudia tu alichokisikia, au alikuwa anasema ukweli? Mwalimu na mimi tulibishana juu ya hilo hadi jioni. Watoto hawakuwa na shaka, amekiri. Warushaji walishangilia, na timu yake ikamjia juu: "Mbona unatuuza?" Mwalimu akainuka kwenda kumtetea. Nikamwambia muache, hakuna anayemwambia "unatuuza" mtu asiyehesabika. Gogoni mtoto akaanza kuhesabu mirusho pamoja na wenzake. Ilipofika hamsini wenzake wakainuka, yeye akaendelea, hamsini na moja, hamsini na mbili. Walimsubiri kidogo, wakachoka, wakaanza raundi mpya bila yeye. Alipofika mia akaenda kuingia.

Kilichofanya kazi hapa hakikunishangaza. Mwaka 2012 Connie Kasari na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha jaribio la watoto 60 wenye usonji wa miaka 6 hadi 11 waliokuwa kwenye madarasa ya kawaida. Baadhi yao walifundishwa na mtu mzima ana kwa ana stadi za kuchangamana. Kwa wengine, waliofundishwa ni wanafunzi watatu wa darasa lao, namna ya kumvuta mchezoni mwenzao anayebaki pembeni. Mafunzo ya wenzao ndiyo yaliyozaa zaidi: watoto walitajwa zaidi na wenzao kuwa rafiki, na upweke uwanjani ulipungua. Mwaka huo huo Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili. Asiye na usonji naye anashindwa kumsoma mwenzake. Kwenye gogo lile ilionekana wazi. "Unataka maji" ya mvulana yule haikuwa fumbo tena kwa watoto wale baada ya muda mfupi. Kwa walimu wa madarasa mengine ilibaki fumbo mpaka naondoka.

Nitaje pia majukumu. Daniel LeGoff, aliyeandika mwaka 2004 juu ya vikundi vya watoto wenye usonji wanaojenga kwa LEGO, aliwapa kila mmoja kazi yenye mpaka: mmoja anasoma ramani, mmoja anatafuta vipande, mmoja anajenga, kisha wanabadilishana. Rede ya chupa ina kitu hicho hicho tayari ndani yake, na haikuletwa na mtaalamu. Mjazaji anajaza, mrushaji anarusha, walio gogoni wanahesabu. Ndiyo maana sipendi orodha za michezo ya kununua kwa ajili ya watoto hawa kabla mtu hajaangalia inayochezwa chini ya dirisha lake.

Yapo yaliyoshindikana. Soka halikuwezekana, na baada ya kulitazama sioni sababu ya kulilazimisha: ishirini na zaidi wanakimbia, sheria zinabadilika kwa kila anayepiga kelele zaidi. Ukuti tuliuacha kwa sababu ya kushikana mikono. Vuli ilipoanza mchanga ukalowa, haushuki kwenye chupa, na siku ya kwanza ya mvua mtoto alilia mapumziko yote. Mwalimu akaweka debe la mchanga mkavu ndani ya kitengo, rede ikahamia barazani ikiwa na watoto wanne tu, nafasi ikawa finyu, mpira ukavunja kioo. Mjadala wa nani atalipa kioo ulichukua muda kuliko wa usonji.

Tulitofautiana pia na mama yake, kwa heshima. Yeye alitaka mwanawe acheze mapumziko yote, kila siku, na ukimtazama mama aliyesubiri miaka kuona jambo hilo, huwezi kumlaumu. Mimi na mwalimu tulisema raundi mbili zinatosha, na akisema "unataka mchanga" akaelekea nyuma ya darasa la nne aachwe aende, na wenzake waambiwe kwamba hajawakataa. Anatoka kwenye darasa lenye kelele, anarudi kwenye darasa lenye kelele. Mapumziko ni ya kupumzika kwake pia. Mama alikubali shingo upande. Bado anauliza.

Mwakani wale wasichana wanaingia darasa la nne, zamu yao itabadilika na mapumziko yao hayatakutana na ya kitengo. Mwalimu ameshaanza kuwaleta wa darasa la pili, wawili wawili, wakae gogoni na kuhesabu kabla ya kuingia mchezoni. Anayewafundisha sheria ni yule kiongozi wa rede, na ni mkali.

Swali la mwisho la mama lilikuwa la mtaani. Watoto wa jirani wanacheza kombolela jioni, je naye aingizwe? Nilimshauri wasianzie huko. Kombolela ni kujificha, kudanganya, giza linaingia, na mtu anachomoka ghafla akipiga kopo na kupiga kelele. Kila kinachomtesa kimo. Nikamwambia aanze na mdako barazani: kokoto zinahesabika, zamu zinaonekana, na wawili wanatosha. Sasa anacheza na binamu yake mmoja. Wa pili ataongezwa shule zikifungwa.